Kidole cha Shira

Mama yangu hakupima shira ya sukari kwa kijiko. Alichovya ncha ya kidole cha shahada kwenye mwiko, akakibana na kidole gumba, kisha akaviachanisha polepole mbele ya macho yake. Shira ikivutika uzi mmoja usiokatika, aliepua sufuria. Uzi ukikatika, aliiacha ichemke tena. Watu walikuja kununua kaimati zake kutoka mitaa ya mbali ya kisiwa, na sikumbuki hata mmoja aliyerudi kulalamika kwamba shira ilikuwa maji au imeganda. Kidole chenyewe kilikuwa kimekuwa kigumu kwa kuungua miaka yote hiyo, hata moto kilikuwa hakiusikii sana. Ndicho kidole nilichokuwa nikimtoboa.

Tulikaa Mji wa Kale, yeye na mimi bintiye tu. Baba alikuwa amekwisha kufariki na kaka zangu wameoa na kuhama. Chini kulikuwa na jiko na ukumbi mdogo uliofunguka njiani, juu vyumba viwili. Asubuhi nyumba ilinukia iliki, jioni ilinukia mafuta, na sisi wenyewe tulikuwa hatuzisikii tena harufu hizo mpaka mgeni atuambie.

Sukari ilimpata nikiwa bado skuli. Siku zile kliniki walipima mkojo. Mgonjwa alipeleka kichupa, mhudumu akamimina matone machache kwenye neli ya kioo yenye dawa ya bluu, akaipasha moto, na sote tukangojea rangi. Ikibaki bluu, mtu alisifiwa. Ikigeuka kijani au manjano, alitazamwa kwa jicho baya. Ikifika rangi ya matofali, alikaripiwa mbele ya benchi zima kwamba hasikii, hajipendi, anakula anavyotaka. Mama alichukia kukaripiwa kuliko alivyouchukia ugonjwa wenyewe. Tangu siku ya rangi ya matofali aliacha kuonja kitu chochote alichokipika cha sukari. Aliacha kabisa, bila kutangaza, na kazi yote ya kujua shira imeiva akakiachia kidole.

Benchi lile lilikuwa likijaa mwaka hadi mwaka. Mama alikutana hapo na shoga zake mmoja mmoja, wengine aliocheza nao harusini tangu ujana, na akarudi nyumbani akinihesabia nani naye amepatikana na ugonjwa huo. Alikuwa na maelezo yake. Mabibi zetu, alisema, walikula halua na kunywa kahawa kwa tende, lakini walichota maji kisimani, walitwanga, walikuna nazi kwa mbuzi, walipanda ngazi na kushuka siku nzima. Sasa maji yako mferejini, mashine ndiyo inayosaga, soda zinakuja harusini kwa makreti, na mtu mwenye miguu miwili mizima anapanda teksi kutoka Makadara kwenda kununua leso Biashara Street. Alisema yote hayo akiwa amekaa kwenye kibao, mkono mmoja ukiangusha kaimati ndani ya karai la mafuta. Nikamchokoza kwamba basi yeye ndiye anayelijaza lile benchi. Alicheka, akasema yeye anauza tu, hamshindilii mtu mdomoni.

Mashine ya kupimia sukari aliileta mjomba, ndugu yake mdogo, aliyekuwa mpishi wa melini na aliyeinunua Uingereza. Ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani, ndani ya kimfuko cheusi cha zipu. Unatoboa kidole kwa kijisindano, unagusisha tone la damu kwenye kijibanzi, unangoja kidogo, namba inatokea. Hapakuwa na neli wala moto, na hapakuwa na mtu wa kukukaripia. Wiki ya kwanza nyumba yetu iligeuka zahanati. Jirani wa nyumba ya mbele alipimwa, mumewe akapimwa, muuza samaki akapimwa, na vijibanzi kadhaa viliishia kwa watu wasiokuwa na ugonjwa wowote ila udadisi. Mama akavifungia kabatini pamoja na udi wake, maana vingine visingekuja mpaka mjomba arudi safari.

Mpimaji nilikuwa mimi. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa masomo ya maabara katika chuo kimoja cha ufundi upande wa Buxton, na hakuna mtu mjuaji kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilinunua daftari, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika tarehe, saa, namba. Nilinunua pamba na kichupa cha spiriti. Mama alikinusa kile kichupa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii si pombe hii?"

Nikamweleza kwamba si ya kunywa.

"Sikuuliza kama yanywewa. Pombe ni pombe. Mimi nina sala mbele yangu, nitajipaka najisi kidoleni?"

Akashika pembe ya leso aliyojifunga kiunoni, akakifuta kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akaninyooshea. "Kishatakata. Toboa hapa, hiki ndicho kisichouma."

Nikaiacha spiriti. Nilikuwa nimefundishwa kwamba spiriti ni ya kuua vijidudu, na nikaona tone moja la damu halitampa mama vijidudu vya kumuua. Isitoshe, tulikuwa tukipima asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kabla jiko halijawashwa, na namba zilikuwa nzuri. Sita, saba, mara moja sita kamili. Mama alizipenda namba zile. Aliniomba nimsomee mara mbili.

Kisha ikaingia Ramadhani. Mwaka ule iliangukia kaskazi, jua kali na upepo mkavu, na kaimati hazina msimu mkubwa kuliko huo. Daktari wake, mzee mmoja mpole aliyemtibu tangu mwanzo, alimwambia asifunge. Mama akamjibu, "Nimekusikia, daktari," na mimi nikajua hapo hapo kwamba itaishia kwenye kusikia tu. Tuligombana siku mbili. Mwisho tukapatana. Atafunga, vidonge vyake atakula wakati wa daku, na kila siku alasiri nikirudi chuoni nitampima. Namba ikishuka chini ya nne, atafungua papo hapo bila kubishana. Alikwenda kwanza kuuliza kwa maalimu kama tone la damu linafungulisha. Akarudi na jibu kwamba halifungulishi, akaridhika.

Siku ya kwanza alasiri nikamkuta jikoni, sufuria ya shira mbele yake. Akafuta kidole kwa leso, nikatoboa. Kumi na tatu na nukta nane.

Nilidhani nimekosea. Siku ya pili ikawa kumi na nne. Ya tatu, kumi na nne na zaidi. Mtu aliyekula daku alfajiri, akameza vidonge, akashinda na njaa mpaka alasiri, sukari yake haipandi hivyo. Hilo nilikuwa nimelisoma. Kwa hiyo, kwa akili yangu ya mwaka wa kwanza, palibaki jambo moja tu, nalo lilikuwa zito sana kulisema katika nyumba ya Mwislamu mwezi wa Ramadhani. Nililisema siku ya nne.

"Mama, umeionda shira?"

"Sikuonda."

"Labda ulipitiwa. Mtu akionja kwa kusahau saumu yake haiharibiki."

"Sikusahau. Sikuonda. Nimefunga."

"Mashine haisemi uongo, mama."

Akaweka mwiko chini. Hakunikasirikia, na hilo lilinikera zaidi, maana mimi nina hasira za karibu na nilitaka tugombane yaishe.

"Basi mimi ndiye nisemaye uongo," akasema, akageukia karai lake.

Tangu siku hiyo alizungumza nami yale ya lazima tu. Niletee unga, mpe fulani sahani yake, funga mlango. Kila alasiri aliifuta ncha ya kidole na kunipa mkono bila ya kunitazama, kama mtu anayemtolea askari kitambulisho. Na mimi kila alasiri niliandika. Nilikuwa na uchungu kwelikweli. Nilijiona nimegundua kwamba mama yangu, aliyenifundisha mimi kufunga nikiwa na miaka saba, anakula jikoni mchana nikiwa chuoni, kisha anaswali magharibi mbele yangu. Niliona haya kwa niaba yake. Na kwa vile nilijiona mtaalamu, nikaongeza juu yake kosa jingine. Wakati wa daku nikamwambia aongeze nusu kidonge, kwa sababu ya hizo namba. Alikimeza bila kuuliza.

Siku ya tisa nilirudi mapema. Joto lilikuwa la kukaa mtu ndani. Mama alikuwa kwenye kibao chake, jasho limemlowesha mgongo mzima, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba kaimati zilikuwa na mikia. Kaimati za mama yangu zilikuwa duara. Watu walimtania kwamba anazo kalibu za siri. Zile zilizokuwa zikielea kwenye mafuta zilikuwa na pembe na mikia, kama za mtu anayejifunza. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Nikasema moyoni ni joto, ni uchovu, ni ile hasira anayonifichia. Nikamsaidia kukaa mkekani, nikachukua kidole, nikatoboa. Kumi na tano na nukta tatu.

"Leo imezidi," nikasema, nikaandika.

Akanitazama kwa mara ya kwanza siku nyingi. "Ndoo hapa, umpokee mamangu mzigo," akaniambia. "Karudi Biashara Street na leso zake, amesimama hapo mlangoni, wamuacha na yua lote hili?"

Bibi yangu alifariki kabla sijaanza skuli. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Nikatoka nikamwita jirani wa mbele, yeye akamwita mwenye teksi. Tulimkalisha nyuma katikati yetu, kichwa kikimwangukia huku na huku, buibui limelowa jasho. Jirani alikuwa ameokota tende moja alipokuwa akitoka kwake. Hakusoma maabara, alijua tu kwamba mtu aliyefunga akizimia hupewa kitu kitamu. Akaipeleka mdomoni mwa mama. Nikamshika mkono.

"Usimpe. Sukari yake kumi na tano. Ukimpa utamuua."

Aliirudisha mfukoni. Aliniamini mimi, mwenye daftari.

Tulikwenda kwenye zahanati moja ndogo upande wa Makadara. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, Mgiriama, mwenye sauti ya chini na mikono ya haraka. Alimlaza mama kitandani, akamshika paji la uso, akachukua mkono wake wa kulia. Nikamwambia nimeshampima, ni kumi na tano, ni sukari imepanda. Akasema, "Sawa, mwanangu, nasi tupime," akachovya pamba kwenye maji na kukisugua kile kidole. Pamba ikanata. Aliivuta, ikaacha nyuzi nyeupe kidoleni. Akatazama pamba, akamtazama mama, akachukua pamba nyingine.

"Mama huyu anafanya kazi gani?"

"Anapika kaimati."

Akakiosha kidole vizuri, akakikausha, akatoboa. Mashine yao ilikuwa kubwa kuliko yetu. Nilisimama nyuma ya bega lake nikaisoma namba kabla yake. Mbili na nukta moja.

"Amekula saa ngapi?"

"Daku," nikasema. "Kabla ya alfajiri. Tangu hapo hajaweka kitu mdomoni."

Yalinitoka bila ya kufikiri. Nilipoyasikia nikajua kwamba niliyajua siku zote.

Wakamtia dripu ya sukari mshipani. Sijapata kuona katika maisha yangu, na nimefanya kazi maabara miaka mingi sasa, kitu cha haraka namna ile. Chupa haikufika nusu, mama akafumbua macho, akatazama dari, akamtazama muuguzi, akamshukuru kwa adabu zake zote. Kisha akauona mpira kwenye mkono wake.

"Adhana imelia?"

"Bado, mama."

"Mumenifungulisha."

Muuguzi akamwambia roho yake ilikuwa ikimtoka, na kwamba Mungu hakumtaka afunge hivyo. Mama akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniuliza mimi, si muuguzi.

"Mashine yao imesemaje?"

"Mbili na nukta moja."

"Na hiyo ni ya mtu aliyekula?"

"La, mama. Ni ya mtu aliyefunga."

Nikapiga magoti pale kando ya kitanda, nikamwomba radhi. Nililia vibaya, mbele ya muuguzi na jirani na mgonjwa mwingine aliyekuwa kitanda cha pili. Nikamweleza kwamba shira ilibaki kidoleni, leso haikuitoa, na mashine ikaisoma pamoja na damu, nikichanganya maneno. Mama alinyoosha mkono usio na dripu, akaushika mtandio wangu, akanifuta uso kwa pembe yake.

"Siku tisa," akasema. "Siku tisa wanitazama kwa jicho la hicho kidude."

Jirani aliitoa ile tende mfukoni, akaila mwenyewe magharibi ilipoingia.

Walimlaza mpaka kesho yake, kwa kuwa vidonge vile huendelea kushusha sukari muda mrefu, hasa kwa mtu aliyeongezewa nusu na bingwa wa mwaka wa kwanza. Mama hakufunga tena siku zilizobaki. Alilisha maskini kwa kila siku aliyoiacha, wali wa nazi na samaki, na alihakikisha mimi ndiye ninayebeba sahani. Kaimati aliendelea kupika. Daktari alimpunguzia vidonge na kubadilisha saa zake.

Nilipotaka kuanza tena kupima, kwa daftari jipya, nikamwambia spiriti tuiache, maji na sabuni yanatosha, mradi anawe kabla. Alinitazama kwa ile dharau yake tamu niliyokuwa nimeikosa siku zote zile.

"Kunawa? Mimi hutawadha mara tano kwa siku. Mbona hukuningoja nikitoka birikani?"

Basi ndivyo tulivyofanya. Kila alasiri alitoka kutawadha, mikono ikidondoka maji, akakaa ukingoni mwa mswala, akanipa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kile kisichojua shira. Nilikikausha kwa kitambaa safi kisichokuwa leso. Sita. Sita na nukta mbili. Akishasomewa namba yake, ndipo alipofunga sala. Hatukuwahi tena kupata namba isiyoeleweka. Miaka michache baadaye mashine zile zilianza kuuzwa madukani, shoga zake wakapata zao kutoka kwa watoto na wakwe, na mama ndiye aliyewafundisha. Hakuwaambia habari za vijidudu. Aliwaambia wapime baada ya udhu, na wakamsikia kuliko walivyonisikia mimi. Aliishi na sukari miaka mingi baada ya hapo, na miguu yake yote miwili na macho yake yote mawili.

Mimi nilimaliza chuo. Mgonjwa akija kwangu, hata akiwa ametoka bafuni, namnawisha. Na namba ikinishangaza, namuuliza kwanza amefanya nini leo na mikono yake, kabla sijamuuliza amekula nini.

Lakini lile daftari. Idi ilipopita tulikwenda kwa daktari, naye akaomba kuliona. Sikuwa nimelifungua tangu siku ya zahanati. Daktari akapekua kurasa za asubuhi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafika ukurasa wa Ramadhani, akasimama.

Mama yangu hakwenda skuli. Alisoma chuo cha Kurani, kwa maalimu, na barua zote alizomwandikia mjomba melini aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika ukurasa ule, kando ya kila namba niliyoiandika alasiri, kutoka kumi na tatu na nukta nane mpaka kumi na tano na nukta tatu, palikuwa na neno moja lisilokuwapo nilipoandika mara ya mwisho, kwa wino wake, kwa mkono wake uliotulia. Lilikuwa neno lile lile mara tisa. Nimefunga.

Daktari hakuzijua herufi zile. Akaniuliza maandishi hayo ni nini. Mama alikuwa amekaa kando yangu, mikono juu ya mapaja, akitazama dirishani kama mtu asiyehusika.

"Ni masahihisho, daktari," nikamwambia.